Malalamiko Kuhusu Shokapu Iliyonifikisha kwa Baba Mkwe

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magurudumu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba baiskeli yako, kama unayo, iko salama. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Mimi ni kinyozi. Nina duka la viti viwili karibu na kituo cha mabasi, kioo kimoja kirefu, na meza ya magazeti ambayo wateja huizunguka wakisubiri zamu. Gazeti lenu huwa hapo. Sina ugomvi na habari zenu za siasa, kwa sababu sizisomi. Ugomvi wangu ni na makala mliyochapa mwanzoni mwa msimu huu, yenye kichwa "Seti Shokapu ya Nyuma, Tairi Lishike Ardhi". Kwa ule utii niliofundishwa tangu utotoni kuhusu maandishi yaliyopigwa chapa, nilifuata maelekezo yake yote, na tairi likashika ardhi. Naandika kudai kwamba muikanushe makala hiyo, mnielekeze namna ya kuirudisha baiskeli yangu katika hali yake ya awali, na muiombe radhi nyumba yangu.

Ili usinione mtu wa kukurupuka, nitaeleza kwanza mambo yalivyokuwa.

Baiskeli yangu ni ya milimani, ya mtumba, ya ile aina yenye shokapu mbele na nyingine nyuma chini ya siti. Niliipata kwa mteja aliyekuwa anahama. Shokapu ya nyuma ilikuwa imejazwa upepo hadi ikawa ngumu kama nguzo ya uzio. Ukipita juu ya jiwe, shokapu haikulisikia. Uti wa mgongo ndio uliolisikia. Na ukianza kupanda mahali penye kokoto, tairi la nyuma lilirukaruka, mara liko chini, mara liko hewani, na tairi lililo hewani, kama makala yenu inavyosema kwa usahihi, halisukumi chochote. Hali hiyo nilikuwa nimeizoea. Zaidi ya kuizoea, nilikuwa naitegemea.

Baba mkwe wangu anaishi juu ya kilima, ng'ambo ya machimbo ya mawe, peke yake tangu mama mkwe afariki. Njia ya kwenda kwake ni ya miguu na ya baiskeli tu, nayo ina mwinuko mmoja wa mizizi na kokoto ambao sisi tunauita Kooni, kwa kuwa ndipo mambo yanapokwama. Mimi na mke wangu tulipatana hivi: yeye, ambaye ni mwalimu, angemtembelea baba yake Jumapili kwa miguu, mimi ningempelekea mahitaji yake Jumamosi kwa baiskeli. Mkate, sukari, betri za redio, na gazeti lenu nikishamaliza nalo dukani. Kila Jumamosi nilitoka nyumbani kwa moyo mweupe. Kila Jumamosi nilifika Kooni, tairi likateleza, nikashuka. Hapo pana nyumba ya mama mmoja mfuga kuku. Nilimwachia mfuko, naye akaupandisha hadi juu, maana kwake si mbali. Mimi nikageuza. Nyumbani niliulizwa, "Umefika?" Nikajibu, "Nimeteleza." Hapakuwa na uwongo ndani yake. Aliyeteleza hana cha kujitetea. Zinazopaswa kujitetea ni kokoto.

Huenda ukauliza kwa nini sikushuka nikaisukuma baiskeli hadi juu. Ndugu Mhariri, baba mkwe wangu ni mkaguzi wa majengo mstaafu. Kazi yake yote maishani ilikuwa kuingia katika nyumba za watu na kuwaonyesha kilichopinda. Alipostaafu hakuacha kukagua, aliacha tu kuandika ripoti. Siku nilipokwenda kujitambulisha kwake kama mchumba wa binti yake, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza kazi yangu, nikamwambia. Akasema, "Kinyozi. Na nywele zikiisha?"

Swali hilo nimelibeba miaka yote ya ndoa yangu bila kulipatia jibu. Kwa hiyo sikusukuma baiskeli.

Balaa lilianzia dukani. Mke wangu alipita kuniletea chakula cha mchana, akaliokota gazeti, akaisoma makala yenu akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa ameketi. Alipotoka kazini alirudi na rula ya shule na pampu ndogo ya kujazia shokapu, ameiazima kwa mwalimu wa michezo. Baiskeli ikaegemezwa ukutani. Nikaamriwa nipande na koti langu na mfuko mgongoni, kwa sababu mliandika kwamba mtu apimwe pamoja na mizigo yake yote. Yeye akasimama pembeni akisoma kwa ile sauti anayosomea maelekezo ya mtihani: "Sogeza kipete cha mpira hadi mwanzo wa shina la shokapu. Keti taratibu. Usidunde. Nimesema usidunde. Shuka taratibu. Pima kipete kimesogea kiasi gani." Kipete kilikuwa hakijasogea. Akafungua upepo kidogo. Tukapima tena, akafungua tena, hadi baiskeli ikawa inadidimia chini yangu kadiri ya theluthi ya mwendo wa shokapu, kama mlivyoagiza. Kisha akageukia kile kitasa chekundu kinachotawala kasi ya shokapu kurudi juu baada ya kuzama. Alikizungusha kidogokidogo huku akinishusha kwenye ukingo wa barabara mara kwa mara mbele ya majirani, hadi sehemu ya nyuma ikaacha kunirusha, ikawa inanyanyuka kama mtu mzima anayeinuka kwenye kiti, bila haraka na bila kuzembea.

Akalikunja gazeti. "Haya," akasema, "tuione hiyo Jumamosi."

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nilifika.

Sina namna nyingine ya kulieleza hili. Nilipoingia Kooni nilikanyaga pedeli kwa matumaini yangu yaleyale ya siku zote. Tairi halikuruka. Lilipita juu ya mzizi wa kwanza, likazama nyuma yake, likashika, likasukuma. Nikangoja kokoto. Kokoto zilisogea, tairi likabaki pale pale linafanya kazi yake. Mama mfuga kuku alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, mikono imenyooshwa kupokea mfuko. Tulitazamana nikimpita. Kusimama sikuweza, kwa kuwa makala yenu inaonya kwamba mtu asisimame katikati ya mwinuko.

2. Kufika hakukuishia kwenye kufika.

Nilimkuta baba mkwe uani, anaanika shati. Alinitazama, akaitazama njia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine aliyenileta.

"Leo hukuteleza," akasema.

Nikamwambia hapana, Mzee, leo sikuteleza. Akaizunguka baiskeli mikono ikiwa nyuma. Akaibonyeza siti kwa kiganja, akaiachia, akatazama inavyonyanyuka. Akabonyeza tena.

"Nani ameiseti?"

"Binti yako."

"Inaonekana," akasema, na nikakaribishwa ndani.

Ndani mna meza, redio, viti viwili, na kabati ambalo vikombe vyake vyote vimepangwa masikio yakielekea upande mmoja. Alichukua viwili. Kimoja kilikuwa na vumbi ndani, akakiosha kwa muda mrefu akinipa mgongo. Tulikunywa chai. Yeye akatazama dari, na mimi, ili nisionekane mvivu, nikatazama dari. Hatimaye akasema mfereji wa maji ya mvua umelegea upande wa jikoni. Nikajitolea kupanda. Akasema hawezi kumpandisha juu mtu asiyejua anachokwenda kukitazama, nishike ngazi. Nikashika ngazi. Jumamosi iliyofuata nikashika tena, kwa sababu alichokikaza wiki ile alikuwa amekikagua na kukikataa mwenyewe.

Nataka ujue kwamba sikukaa kimya. Nilijaribu kuegemea mbele sana ili tairi la nyuma likose uzito. Nilijaribu kukanyaga kwa pupa. Nilichagua mawe yenye utelezi. Kila mara nilifika, na kila mara chai ilikuwa tayari mezani, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa akinichungulia dirishani.

3. Mmemharibia mama mfuga kuku.

Mama huyu alikuwa na utaratibu wake. Mfuko wangu ulimpa sababu ya kupanda kilima, kilima kikampa pumzi ambayo daktari alimwambia aitafute, na juu kule alipata mtu wa kubishana naye kuhusu redio. Sasa mfuko unampita mlangoni. Jumamosi ya tatu aliniziba njia katikati, mikono kiunoni. "Baba, mimi nimekukosea nini?" akaniuliza. Nikamweleza habari za kipete, theluthi na kitasa chekundu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwambie huyo aliyeandika aje anibebe yeye." Nimefikisha ujumbe. Mayai aliyokuwa akinipa nayo yamekoma.

4. Nyumbani kwangu neno "haiwezekani" limekufa.

Bomba la jikoni lilikuwa likivuja kwa amani. Mlango wa bafu ulikuwa haufungi, na tulikuwa tumejifunza kukohoa. Sasa mke wangu akiniambia jambo nami nikasema haiwezekani, anageuza shingo kuitazama baiskeli. Bomba limekwisha kutengenezwa. Mlango nao unafunga.

5. Siku ya mvua.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Siku hiyo mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Haikuwa mvua ya kumzuia mtu moja kwa moja, ilikuwa ile ya kumpa mtu hoja. Mimi hoja nilikuwa nayo mdomoni. Mke wangu hakusema niende wala nisiende. Alinifungia mkate ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akauweka mezani, akaenda kusahihisha madaftari. Nikamwambia, "Sitafika." Akasema, "Basi utateleza, urudi. Si ndivyo?" Alisema bila kuniangalia. Nikaenda kuteleza.

Sikuteleza. Maji yalikuwa yakishuka Kooni kama mtu amemwaga ndoo, mizizi inang'aa, nami nilipanda nikiwa nimekalia siti kama bibi anayesubiri zamu hospitali, tairi likitambaa, likizama, likishika. Nikafika.

Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa ikizungumza peke yake. Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili vimefunikwa visahani. Nikaita, "Mzee." Redio ikajibu habari za michezo. Nikazunguka upande wa jikoni, nikamkuta chini ya mfereji, ngazi imemlalia, mguu mmoja umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Alikuwa amelowa, midomo haina rangi. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yakinikagua.

Nikaiondoa ngazi. Nikavua koti, nikamfunika. Nikamuuliza amepandia nini katika mvua, wakati anajua leo ni Jumamosi na mimi ndiye wa kushika ngazi.

Akasema, "Nilitazama mvua. Nikasema, leo atateleza."

Kwa maneno mengine, Ndugu Mhariri, hata yeye hakuiamini makala yenu.

Nilimburuta taratibu hadi chini ya paa, nikamletea blanketi na mto, na nikamwambia nashuka machimboni kuita watu. Alinishika mkono. Alikuwa hajawahi kunishika mkono isipokuwa siku ya harusi, na siku ile alikuwa akishikana na kila mtu. Akasema, "Usimwambie binti yangu kwamba nilipanda mwenyewe." Nikamwambia sitasema. Akasema, "Shuka polepole." Nikamwambia nitashuka polepole. Mambo yote mawili nilimdanganya.

Kuhusu kushuka, makala yenu ilitoa mistari miwili tu: mtu asimame juu ya pedeli, alegeze magoti, aiache shokapu ifanye kazi. Nilisimama, nikalegeza, nikaiacha. Shokapu ilivyokuwa zamani ingenirusha kwenye mzizi wa pili, nami ningelala pale kwa heshima zangu zote, nikiwa na sababu ambayo hakuna mahakama ingeikataa. Hii iliyosetiwa ilinishusha. Nilihisi tairi la nyuma linazama kwenye kila shimo na kurudi, linazama na kurudi, kama mtu anayeniambia twende. Nilimpita mama mfuga kuku nikipiga kelele kwamba Mzee ameanguka. Alivuta khanga kichwani na kuanza kupanda. Nilipofika machimboni nilikuwa sina pumzi ya kueleza, nikaonyesha kidole tu. Wachimbaji wakaacha nyundo. Walipanda, wakang'oa ubao wa kitanda chake mwenyewe, wakamlaza juu yake na kumshusha wakipokezana, huku yeye akiwaambia upande wa nyuma umezama, inueni. Mama mfuga kuku alitembea pembeni amemshikia mwavuli. Kutoka machimboni tukapanda lori la kokoto hadi hospitali, na mke wangu, aliyepigiwa simu, akatukuta huko.

Daktari alikuwa msichana mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta sikioni. Alisema mfupa umevunjika chini ya goti, utaunga. Kisha akasema lililomtia wasiwasi si mfupa, ni baridi. Akamuuliza mke wangu, "Nani alimkuta?" Mke wangu akanionyesha. Daktari akaniambia, "Ungemkuta jioni, tungekuwa tunazungumza mambo mengine." Sikuwa nimeomba kuambiwa hayo. Tulisimama kwenye ukumbi ule mrefu wenye harufu ya dawa ya kudekia, maji yananitiririka, na mke wangu akashika mkono wa shati langu, akaukunja ndani ya ngumi yake, na hakuuachia hadi walipotuita ndani. Mkono huo wa shati umepanuka na haujarudi hali yake. Naambatanisha lalamiko hilo chini ya namba hii hii.

Laiti ningeteleza, mama mfuga kuku angempelekea mfuko baadaye mvua ikipungua. Nami ningepata habari kwa simu, nikiwa nimekaa, mkavu, kama wakwe wengine wote wanavyopata habari.

6. Amehamia kwetu.

Mguu wenye plasta ngumu haupandi Kooni. Tulimpa chumba cha binti yetu, binti akahamia sebuleni bila kuulizwa, na akafurahi, jambo ambalo lenyewe linatia shaka. Mchana, kwa kuwa mke wangu yuko shule na binti yuko shule, Mzee anashinda dukani kwangu. Anakalia kiti cha pili, mguu juu ya stuli. Kwa hiyo duka langu la viti viwili limekuwa la kiti kimoja na ofisi ya ukaguzi.

Siku ya kwanza alikagua dari tu. Siku ya pili mteja wangu wa miaka mingi, fundi seremala, alipoinuka kujitazama, sauti ikatoka nyuma: "Kushoto pamezama." Nikatazama. Kushoto palikuwa pamezama, kiasi ambacho mama yake mzazi asingekiona. Nikasawazisha. Tangu hapo hakuna anayeinuka kitini kwangu hadi Mzee ageuke, akodoe jicho moja, na kutamka. Nilidhani wateja watanikimbia. Badala yake wanakuja na wenzao. Wapo wanaokuja na nywele ambazo hazijakua ili tu waambiwe. Mama mfuga kuku hushuka mara kwa mara kuleta mayai, anampa yeye, wanabishana kuhusu redio hadi wateja wanasahau zamu zao. Duka langu sasa lina kelele, na mimi nilichagua ukinyozi kwa sababu ya utulivu.

Na wiki iliyopita, saa ya adhuhuri, duka likiwa limejaa, alijivuta kwa fimbo hadi kwenye kiti changu cha kazi, akaketi, akatazama mbele.

"Punguza," akasema.

Ndugu Mhariri, mtu huyu tangu nimuoe binti yake alikuwa akijikata nywele mwenyewe kwa mkasi, dirishani, kwa kupapasa. Matokeo yake yalikuwa yakionekana na hakuna aliyethubutu kuyasema. Nilimfunga kitambaa shingoni. Vidole vyangu, ambavyo vimenyoa vichwa vya askari, vya maharusi na vya mtoto mmoja aliyekuwa anang'ata, viliichukua mashine, vikairudisha, vikaichukua tena. Nilianza nyuma, mahali ambapo haoni. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani. Nyuma ya sikio ana kovu ambalo mke wangu analijua na hakuwahi kunitajia. Nilipofika utosini nilihisi kichwa kimekuwa kizito mkononi mwangu, nikatazama kwenye kioo, nikaona amelala.

Sikujua kama naweza kuendelea. Nikazima mashine. Fundi seremala akanyanyua macho kutoka kwenye gazeti lenu, akaona, akawapungia mkono waliokuwa wakiongea mlangoni, nao wakanyamaza. Nilisimama hivyo nimekishika kichwa cha baba mkwe wangu, duka zima linasubiri, na hakuna aliyetazama saa. Kazi zote za siku hiyo zilichelewa. Wewe utanirudishiaje muda huo?

Alipoamka alijifanya hakulala. Nikamaliza. Akajitazama kwenye kioo, kushoto, kulia, akakodoa jicho moja. Watu wote wakamtazama.

"Imekaa sawa," akasema.

Nilikwenda nyuma ya duka kutafuta taulo. Taulo lilikuwa begani kwangu.

Kwa sababu zote hizo, naomba mambo yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa. Kwanza, mchape makala nyingine, ya ukubwa uleule, inayoeleza hatua kwa hatua namna ya kuijaza shokapu ya nyuma upepo hadi isisikie chochote, ili wananchi wanaotaka kuteleza wapate haki sawa na wale wanaotaka kushika. Pili, makala zote za namna hii siku zijazo zibebe onyo juu kabisa, kwa herufi nene, kwamba kuseti shokapu kunaweza kumfikisha mtu. Mtu ana haki ya kujua hilo kabla hajafungua upepo. Tatu, anayeandika makala hizo aulizwe kama ana baba mkwe, na kama anaye, anaishi wapi.

Natarajia jibu lako. Mimi si mtu wa kufikishana kwa wakubwa, lakini nikilazimika, sasa ninayo baiskeli inayofika.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, muuza magazeti wa asubuhi, mfagiaji, na huyo aliyechora ule mchoro wenye mishale. Mke wangu anawasalimu na anasema maelezo yenu yalikuwa na lugha safi isipokuwa mkato mmoja. Binti yetu anawasalimu. Fundi seremala anawasalimu. Mama mfuga kuku hawasalimu, lakini amenituma niseme hivyo. Mzee anawasalimu kwa heshima, na anasema katika mchoro wa pili mmeweka bolti upande usio wake.

Wako katika masikitiko,

Kinyozi wa karibu na kituo cha mabasi

N.B. Barua hii ilikaa kwenye droo ya mikasi wiki kadhaa nikitafuta bahasha, na mambo yamebadilika kidogo. Plasta imetolewa. Juzi Mzee amerudi kwake, alikataa katakata kukaa zaidi. Wachimbaji walimsindikiza, na safari hii alipanda kwa miguu yake na fimbo. Kiti cha pili kiko wazi. Wateja wanainuka, wanageuka nyuma, hawaoni mtu, wanaketi tena. Jana nilimnyoa mtu nikajikuta nakodoa jicho moja. Sasa msimu wa mvua umeingia sawasawa, na makala yenu haikusema lolote kuhusu tope. Tafadhali nijulisheni kwa haraka: penye utelezi wa tope, shokapu ya nyuma ipunguzwe upepo zaidi ya ile theluthi, au niguse upepo wa tairi tu? Kitasa chekundu nikiharakishe au nikiache? Jibu nalihitaji kabla ya Jumamosi. Mkiweza pigeni simu dukani. Na kama nafasi kwenye ukurasa wenu ni finyu, hoja zote sita mnaweza kuzikata. Salamu zibaki.